UZI: Lisbon kwa wawili, safari ya kwanza ya Ulaya. Viza, vilima, tiketi, chakula na dhahabu ya Kilwa

#1 Nanga_Tatu (mleta uzi)

Habari za leo wakuu. Uzi huu ni wa watu wawili, wenye ndoa, wachumba au wapenzi, wanaokwenda pamoja kwa mara ya kwanza kwenye mji wa kale wa Ulaya. Nimechagua Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Usafiri wa ndani ni wa bei nafuu, sehemu kubwa ya mji inatembeleka kwa miguu, na historia yake inaigusa pwani yetu moja kwa moja tangu Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498.

Siku 5 zinatosha. Tatu za mji, moja ya Sintra, mji mdogo wa makasri nje ya Lisbon, na moja muiache wazi kabisa. Kwa kila siku mkate tiketi moja tu yenye saa maalum, isizidi. Wawili wakipanga tatu kwa siku, foleni ya kwanza ikichelewa nusu saa zinazofuata zinaharibika zote, na hapo ndipo kununiana kunapoanza. Ugomvi mwingi wa safari za wapenzi chanzo chake ni uchovu na njaa, na yote mawili yanazuilika kwa ratiba nzuri.

Nianze na viza kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja). Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi mkinyimwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo msikate tiketi ya ndege isiyobadilishika mapema. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000 na itaje Schengen yote, siyo Ureno peke yake.

Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Mkilala Lisbon siku 5 na Paris 2, mnaomba Ureno hata kama ndege inatua Paris kwanza. Siku zikilingana, mnaomba nchi mtakayoingia kwanza. Angalieni pia ni ubalozi upi unashughulikia viza za Ureno kwa wakazi wa nchi yenu, maana si kila nchi yetu ina ubalozi wa Ureno.

#2 Kipepeo_Mweupe

Mkuu asante kwa uzi. Sisi hatuna cheti cha ndoa, na mmoja ndiye anayelipia wote wawili. Inakuwaje?

#3 Nanga_Tatu (mleta uzi)

Dada, kila mmoja ni mwombaji anayejitegemea, hata wenye ndoa. Fomu mbili, picha mbili, bima mbili au bima moja yenye majina yote mawili, na alama za vidole kila mtu zake.

Anayelipiwa aweke kwenye faili lake barua ya udhamini iliyosainiwa na mlipaji, nakala ya pasi ya mlipaji, na taarifa ya benki ya mlipaji ya miezi 3 hadi 6. Uhusiano utajwe wazi kwenye barua. Wenye ndoa waweke cheti. Wasio na ndoa wasijiite mume na mke, kwa sababu afisa akikuta faili moja inasema "mke wangu" na nyingine imejazwa "hajaolewa", mmejiharibia wote wawili. Hata anayelipiwa aonyeshe kinachomrudisha nyumbani: barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, au barua ya chuo.

Tarehe zifanane kila mahali. Likizo, bima, hoteli na ndege zikisema siku tofauti, hata kwa siku moja, hiyo ni kasoro. Uwekaji wa hoteli uwe na majina yote mawili, maana mtandao mara nyingi huandika jina la aliyelipa tu, basi iandikieni hoteli iongeze la pili. Na pesa nyingi zilizoingia ghafla kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi huleta maswali kuliko akaunti yenye kiasi cha wastani inayotembea kila mwezi.

#4 Mlango_wa_Nne

Naongezea la mpakani. Viza haimalizi kazi. Afisa wa uhamiaji anaweza kuuliza mnalala wapi, siku ngapi, mna kiasi gani, na anaweza kumuuliza kila mmoja peke yake. Wote wawili mjue jina la hoteli, mtaa na tarehe ya kurudi. Isiwe mmoja ndiye anayejua kila kitu na mwingine anafuata nyuma tu. Chapeni karatasi, kila mtu seti yake, msitegemee simu ambayo chaji imeisha.

Kiwango cha Ureno cha fedha za kujikimu ni euro 75 kwa kuingia na euro 40 kwa kila siku, kwa mtu mmoja. Kwa siku 6 ni 75 jumlisha 240, yaani 315 kila mtu. Kadi na taarifa ya benki vinakubalika, si lazima yote iwe taslimu. Tangu 12 Oktoba 2025 mpaka wa Schengen unasajili wageni kwa mfumo mpya wa kielektroniki wa picha ya uso na vidole, hivyo foleni ya kuingia inaweza kuwa ndefu. Msipange chakula cha kukatiwa nafasi jioni ya siku mnayofika.

#5 BintiMakunganya

Na malazi? Kila mtu anasema Alfama, wengine wanasema Baixa.

#6 Ngazi_na_Vilima

Hapa inabidi muuelewe mji kwanza. Lisbon imekaa juu ya vilima. Katikati kuna bonde tambarare, Baixa, mitaa iliyonyooka kama rula. Ilijengwa upya baada ya tetemeko la 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, lililofuatwa na mawimbi makubwa na moto. Aliyesimamia ujenzi ni waziri Marquês de Pombal, na ndani ya kuta za majengo yale waliweka fremu za mbao zinazokingamana ili nyumba icheze na tetemeko bila kuanguka. Mashariki ya bonde ni Alfama na ngome ya São Jorge, mtaa wa zamani uliobaki na vichochoro na ngazi zake. Magharibi ni Chiado na Bairro Alto.

Alfama inapendeza kwa macho, lakini gari haliingii kwenye vichochoro vingi. Mtaburuta masanduku juu ya ngazi za mawe, halafu mkute nyumba haina lifti. Kwa safari ya kwanza ya wawili nashauri Baixa, au kando ya njia kuu ya Avenida da Liberdade, karibu na kituo cha metro. Alfama mtaenda kila siku kwa miguu mkitaka. Bairro Alto ni mtaa wa baa, kelele mpaka usiku wa manane, hivyo wenye usingizi mwepesi wauepuke.

Anwani za Kireno zisomeni hivi: "24, 3.º Esq." maana yake jengo namba 24, ghorofa ya 3, mlango wa kushoto. "Dto." ni kulia. "R/C" ni chini kabisa, na ghorofa ya 1 inahesabiwa juu ya hapo. Kwa hiyo ghorofa ya 4 bila lifti ni kupanda ngazi za ghorofa nne kamili. Ulizeni kuhusu lifti kabla ya kulipa. Ulizeni pia kitanda: "cama de casal" ni kimoja cha wawili, "duas camas" ni viwili.

Kuna kodi ya jiji ya euro 4 kwa mtu kwa usiku, isiyozidi usiku 7. Wawili kwa usiku 5 ni euro 40, na mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipia mtandaoni. Wekeni pembeni.

#7 Kipepeo_Mweupe

Na hivyo vilima mtu anavipandaje bila kuchoka?

#8 Ngazi_na_Vilima

Pandeni kwa mashine, shukeni kwa miguu. Mkilishika hilo mmeiweza Lisbon.

Kwenda ngome ya São Jorge kutoka Baixa: ingieni lifti ya jiji iliyo ndani ya jengo la Rua dos Fanqueiros, inawatoa Rua da Madalena. Vukeni, pandeni kidogo mpaka uwanja wa Chão do Loureiro, kuna lifti ya pili kwenye jengo lenye supamaketi na maegesho. Inawafikisha Costa do Castelo, karibu na ngome. Zote mbili ni bure, ila siku nyingine moja inakuwa mbovu. Ikitokea hivyo, basi namba 737 linaondoka Praça da Figueira mpaka ngomeni.

Kwenda Chiado: msipande mtaa kwa miguu. Ingieni kituo cha metro cha Baixa-Chiado upande wa Baixa, fuateni ngazi za umeme hadi mwisho, mnatokea juu kwenye uwanja wa Chiado. Kutoka hapo ni dakika chache mpaka magofu ya Convento do Carmo, kanisa ambalo paa lake lilianguka mwaka 1755 na halikurudishwa. Nyuma yake kuna njia inayofika juu ya lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902. Lifti ikiwa inafanya kazi, watu hupanga foleni ndefu chini kwa ajili ya mandhari hayo hayo.

Zile behewa zinazopanda mlima kwa kamba ya chuma: ya Glória ilisimama baada ya ajali ya 3 Septemba 2025 iliyoua watu 16, na za Bica na Lavra zilisimamishwa kwa ukaguzi. Ulizeni hali ilivyo kabla ya kuziweka kwenye ratiba.

Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno. Njia za waenda kwa miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa. Mvua ikinyesha yanateleza vibaya, hasa kwenye mteremko. Kisigino chembamba kinazama kati ya jiwe na jiwe. Masanduku yenye magurudumu madogo ya plastiki yanavunjika hapo.

#9 Konda_Mstaafu

Usafiri niachieni mimi.

Kutoka uwanja wa ndege, metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo hapo. Mnashuka Alameda, mnahamia mstari wa kijani, mnafika Rossio au Baixa-Chiado. Mashine za tiketi zina Kiingereza. Nunueni kadi iitwayo navegante ocasional, senti 50, inakaa mwaka mzima. KILA MTU NA YAKE. Kadi moja haiwezi kupitisha watu wawili kwa safari moja, na mkaguzi akiwakuta, faini ni kubwa kuliko nauli ya wiki nzima.

Kwenye kadi mnaweza kuweka tiketi ya saa 24, au salio linaloitwa zapping ambalo hukatwa kila mnapogusa. Kosa la kawaida ni kujaribu kuweka vyote viwili kwenye kadi moja. Mashine inakataa mpaka cha kwanza kiishe. Siku ya kuzunguka sana wekeni saa 24, siku ya safari mbili tatu wekeni zapping. Ukilipa taslimu kwa dereva wa basi au tramu, nauli ni ghali zaidi. Bei hubadilika mwanzoni mwa mwaka, zitazameni kwenye mashine.

Tramu 28 inapita Graça, Alfama, Baixa mpaka Campo de Ourique. Vibehewa vyake ni vya miaka ya 1930, vidogo, na mchana vinajaa mpaka mlangoni. Pandieni mwanzo wa njia, Martim Moniz, kabla ya saa 2 asubuhi, au baada ya saa 2 usiku. Katikati ya njia mtasimama na hamtaona kitu.

#10 Mlango_wa_Nne

Konda, kwa heshima zote, mimi tramu 28 naiweka mwisho wa orodha. Ndiyo sehemu ya kwanza kwa vibaka mjini. Wanafanya kazi wawili watatu: mmoja anasita mlangoni kama amekosea tramu, nyuma mnabanana, wa pili anafungua zipu. Begi liwe kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma, na pasi zibaki hotelini mkitembea na nakala. Kwa wawili, mmoja akae na kadi yake na euro chache, mwingine vivyo hivyo. Msiweke kadi zote kwenye pochi moja, maana ikipotea mmekwama wote. Mkitaka behewa lile lile la zamani bila msongamano, tramu 12 inazunguka Alfama kwa njia fupi zaidi.

Pia Baixa kuna vijana wanaonong'ona wakiuza bangi au kokeini. Mara nyingi ni majani ya kupikia yaliyoshindiliwa. Msijibu, pitieni tu.

#11 Konda_Mstaafu

Mlango, nakubali kuhusu vibaka. Ila kabla ya saa 2 asubuhi wenyeji ndio wanakwenda kazini na viti vipo. Tuiache kama chaguo.

#12 Mjukuu_wa_Husuni

Nataka kuzungumzia Belém, mtaa wa kando ya mto magharibi mwa mji, kwa sababu ndipo mahali pa maana zaidi kwa sisi tunaotoka pwani, na watu wengi wanapita wakipiga picha bila kujua wanaangalia nini.

Nendeni kwa treni kutoka Cais do Sodré, mstari wa Cascais, dakika chache tu, au kwa tramu 15E. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Mawe yake yamechongwa kamba za meli, fundo na matumbawe. Ndani ya kanisa, mkiingia tu, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama na upande wa pili la mshairi Camões. Kanisa ni bure na lina foleni yake. Baraza la ndani lenye nguzo ndilo la tiketi. Jumatatu pamefungwa. Mnara wa Belém ulioko mtoni ulifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati, hivyo hakikisheni kama umefunguliwa kabla ya kulipia.

Lakini kitu ambacho nawaomba msikikose hakipo Belém. Kipo kwenye makumbusho ya Museu Nacional de Arte Antiga, Rua das Janelas Verdes, njiani kurudi mjini. Shukeni kwenye tramu 15E kituo cha Cais Rocha, pandeni ngazi za Rocha do Conde de Óbidos. Ulizeni "Custódia de Belém". Ni chombo cha ibada cha dhahabu na rangi za kioo, kimo chake kama sentimita 73, chenye mitume 12 wadogo wamepiga magoti kwa duara. Kilimalizika mwaka 1506, na fundi ni Gil Vicente. Inameni muangalie ukingo wa kitako: maandishi yanazunguka yakisema mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ni Kilwa.

Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 katika safari yake ya pili, akamlazimisha mtawala wake kutoa dhahabu kama alama ya kutii, akaifikisha Lisbon mwaka 1503. Mwaka 1505 kundi la meli la Francisco de Almeida likaupora mji wenyewe. Aliyewahi kusimama kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani akikiona kile chombo anaelewa mengi kwa dakika moja. Kaeni hapo. Makumbusho ina bustani nyuma inayotazama mto, ni mahali pazuri pa kuzungumza baada ya kukiona.

Jumatatu pamefungwa hapa pia, na baadhi ya kumbi hufungwa kwa matengenezo, hivyo tazameni tovuti yao siku moja kabla.

#13 BintiMakunganya

Mjukuu, ubarikiwe. Nimezaliwa Lindi na hili sikuwahi kulisikia darasani.

#14 Mjukuu_wa_Husuni

Dada, lipo wazi kabisa kwenye kabati la kioo. Na kwenye ile sanamu kubwa ya mwaka 1960 kando ya mto, Padrão dos Descobrimentos, tazameni chini kwenye uwanja: kuna ramani ya dunia ya marumaru yenye miaka ya Wareno kufika kila mahali. Tafuteni pwani yetu.

#15 Jiko_la_Bibi

Chakula. Hapa ndipo pesa zinapovuja bila watu kujua.

Mkikaa tu mezani mhudumu analeta mkate, zeituni, siagi, pengine jibini. Hiyo inaitwa couvert na inalipiwa. Msipoitaka semeni mapema "não, obrigado" (mwanamke husema obrigada), aiondoe. Mkigusa mmenunua. Tazameni risiti mwishoni.

Menyu nyingi zina "dose" (sahani kamili) na "meia dose" (nusu sahani). Dose moja katika mgahawa wa mtaani mara nyingi inawashibisha wawili, kwa hiyo agizeni dose moja na saladi, au meia dose mbili tofauti mchangie. Wali wa vyakula vya bahari na cataplana (kitoweo cha bahari cha kwenye sufuria ya shaba) hupikwa kwa watu wawili tangu mwanzo. Mchana ulizeni "prato do dia", chakula cha siku, ndiyo bei nzuri kuliko zote. Samaki mzima huandikwa bei kwa kilo: mwambieni ampime na awape bei kabla hajamweka motoni. Chakula cha jioni jikoni huanza kama saa 1 na nusu usiku, mapema zaidi mtakuta mikahawa ya watalii tu.

Wasiokula nguruwe wawe makini. Supu ya caldo verde ina kipande cha soseji juu, na maharage na kitoweo cha mboga hupikwa na mafuta ya nguruwe. Soseji ya alheira asili yake ni ya kuku na mkate, lakini nyingi za leo zina nguruwe ndani. Chakula cha halali kipo kwa wingi Martim Moniz na Rua do Benformoso. Msikiti mkuu upo karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985. Waislamu wengi wa Lisbon wana asili ya Msumbiji, na sambusa zao zinauzwa kila kona kwa jina la chamuça.

Vile vitobosha vya maziwa, pastéis de nata, vinatengenezwa mji mzima. Duka la Belém lipo tangu 1837. Foleni ndefu nje ni ya kubeba, ndani kuna vyumba vingi vya kukaa na mara nyingi nafasi hupatikana haraka zaidi. Kuleni vikiwa moto, nyunyizeni mdalasini.

#16 Kipepeo_Mweupe

Na usiku wa muziki wa fado? Mwenzangu anautaka sana.

#17 Jiko_la_Bibi

Kuna nyumba kubwa zenye chakula cha bei iliyopangwa, na vijumba vidogo vya Alfama na Mouraria ambako mnalipa mnachokula. Wekeni nafasi siku kadhaa kabla, na ulizeni swali hili moja: "consumo mínimo" ni kiasi gani kwa mtu? Hicho ndicho kiwango cha chini mtakacholipa hata mkinywa maji.

Taa zikipunguzwa, kimya. Wahudumu wanaacha kutembea, uma unawekwa chini, simu inazimwa. Wanaimba nyimbo tatu au nne, wanapumzika, watu wanakula, wanarudi. Kwa hiyo mazungumzo ya wawili yanafanyika kwenye mapumziko. Anayetaka kuongea usiku mzima achague mahali pengine.

#18 Nanga_Tatu (mleta uzi)

Sintra. Treni inaondoka kituo cha Rossio, kama dakika 40, na zapping inakubalika. Jumatatu makumbusho mengi ya Lisbon yamefungwa, kwa hiyo wageni wote wanakimbilia Sintra. Nendeni Jumatano au Alhamisi.

Kasri la Pena, lile la rangi nyekundu na manjano, lina tiketi ya saa maalum ya kuingia ndani. Saa hiyo ni ya mlango wa kasri, siyo ya lango la bustani. Kutoka langoni mpaka mlangoni ni mlima, wekeni nusu saa nzima. Mkichelewa hamuingii na pesa hairudi. Kateni ile ya kwanza ya asubuhi, saa 3 na nusu, na mpande treni ya kabla ya saa 2. Basi 434 linapanda kutoka kituo cha treni. Barabara ya juu ina vizuizi kwa magari binafsi, hivyo kukodi gari kwa siku hiyo ni hasara.

Tahadhari kwa sisi wa saa za Kiswahili: tiketi inaandika 15:30, ndiyo saa 9 na nusu alasiri. Wote wawili msome tiketi, kila mmoja kwa macho yake.

Mchana shukeni kwa miguu kupitia msituni mpaka mjini, kuleni, kisha Quinta da Regaleira. Pale kuna kisima kikavu chenye ngazi za kuzunguka, kina cha mita 27, mnashuka mpaka chini na kutokea kwenye mahandaki. Bebeni koti hata Julai, mlimani kuna ukungu na baridi wakati Lisbon kuna jua. Pena na Regaleira zinatosha, ya tatu iacheni.

#19 Mhasibu_Bandarini

Pesa na umeme, haraka haraka.

Tumieni mashine za ATM zenye nembo ya Multibanco, hasa zilizo ukutani mwa benki. Zile zilizosimama peke yake kwenye maduka ya watalii zina makato makubwa. Mashine yoyote ikiuliza kama ikate kwa shilingi au kwa euro, chagueni EURO. Ukichagua shilingi, mashine inapanga kiwango chake na mnapoteza. Vivyo hivyo kwenye mashine ya kadi mgahawani.

Kabla ya kuondoka, washeni romingi ya ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na bila ujumbe kufika hamkati tiketi mtandaoni hata kama salio lipo. Bando la intaneti chukueni la eSIM au laini ya huko.

Soketi ni za matundu mawili ya duara. Chaja zetu za pini tatu bapa haziingii bila adapta. Nunueni mbili nyumbani, uwanja wa ndege ni ghali.

Na wawili mkubaliane kabla ya safari: mfuko mmoja wa pamoja kwa chakula, usafiri na tiketi, kila mtu anaweka kiasi chake mwanzoni. Manunuzi binafsi kila mtu na lake. Hesabu ifanyike usiku, dakika tano, siyo mezani mbele ya mhudumu.

#20 BintiMakunganya

Mwezi gani ni mzuri? Na machweo tuyatazamie wapi?

#21 Ngazi_na_Vilima

Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba na Oktoba. Usiku wa 12 Juni ni sikukuu ya Santo António: Alfama yote ni moshi wa dagaa wakubwa wa kuchoma, muziki na watu. Inapendeza, ila malazi yanapanda na hakuna kulala. Desemba hadi Februari ni mvua, na nyumba nyingi hazina joto la ndani, hivyo ulizeni kama chumba kina kipasha joto. Saa za huko ziko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa 2 majira ya joto na saa 3 majira ya baridi.

Machweo: Senhora do Monte, juu ya Graça, inatazama magharibi na mji wote uko chini. Portas do Sol inatazama mashariki, hiyo ni ya alfajiri, jioni jua liko mgongoni kwenu. Mwezi Juni jua linazama kama saa 3 usiku, kwa hiyo kuleni kwanza. Chaguo la tatu ni kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas, kama dakika 10, kadi ile ile ya zapping. Kaeni upande wa daraja la 25 de Abril mkirudi.

#22 Konda_Mstaafu

La kuondoka. Kampuni nyingi za ndege za bei nafuu hutumia jengo la pili, Terminal 2, ambalo metro haifiki. Kuna basi la bure kutoka jengo la kwanza. Mnaorudi Afrika Mashariki kwa kuunganisha nje ya Schengen mtapita uhamiaji wa kutoka baada ya ukaguzi wa mizigo, na foleni hiyo ni tofauti na ile ya usalama. Fikeni mapema, muda wa saa 3 kabla ya ndege kuondoka. Salio la zapping litumieni kwenye metro siku hiyo ya mwisho, kadi zenyewe zitunzeni kama mtarudi ndani ya mwaka.